Kupima Oili ya Injini Kuukuu: Namba Moja Haitoshi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo mkulima wa Babati ayajuaye majira hapandi mahindi na mbaazi zake kwa sababu tu ameona wingu moja juu ya mlima Kwaraa. Hutazama mwezi, hutazama upepo, na hukumbuka jinsi mbingu zilivyokuwa jana na juzi. Busara hiyo aghalabu hukosekana pale mwenye gari anapopokea karatasi ya maabara yenye matokeo ya kupimwa kwa oili iliyokwisha kutumika. Husoma namba moja, akaiona kubwa, akaamuru injini ifunguliwe. Au akaiona ndogo, akastarehe. Uamuzi wa namna hii, uwe wa hofu au wa starehe, hauna msingi wa kisayansi. Kinachoipa karatasi ya maabara maana yake ni daftari la gari, kitu ambacho kila mtu aweza kuwa nacho.

Jambo hili si dogo. Huko Nakwa katika mji wa Babati, kama katika sehemu nyingi za Mkoa wa Manyara, pikapu kuukuu ya dizeli ndiyo ibebayo magunia kwenda sokoni, na usiku wa dharura ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali. Injini ikifunguliwa bila sababu, mapato ya msimu huteketea. Ikiachwa iendelee ilhali beringi zake zimekwisha, hunoki njiani, na abiria hubaki porini.

Oili inasema nini?

Ndani ya injini, vyuma husuguana, na hata oili iwe nzuri namna gani, chembe ndogo sana humomonyoka na kuelea ndani yake. Chombo kiitwacho spektromita huiunguza oili kwa joto kali, kikapima mwanga unaotolewa na kila elementi. Chuma hutoka hasa katika kuta za silinda, krankshafti na gia. Alumini katika pistoni. Kromi aghalabu katika ringi. Shaba, risasi na bati katika beringi na bushi. Silikoni mara nyingi ni dalili ya vumbi, kwa kuwa mchanga ni kiwanja cha silikoni na oksijeni, ingawa yaweza pia kutoka katika gundi ya gasketi au katika dawa ya kuzuia povu iliyomo ndani ya oili yenyewe.

Kiasi hutajwa kwa sehemu katika milioni, yaani miligramu moja katika kila kilo ya oili. Mwanafunzi na apige hesabu. Injini yenye lita 6 za oili ina uzito wa oili upatao kilo 5.3. Karatasi ikisema chuma ni 60, basi chuma chote kinachoelea hakizidi theluthi moja ya gramu. Kiasi hicho ni kidogo mno, na ndiyo maana hubadilika upesi kwa sababu nyingi zisizohusiana na ugonjwa wowote wa injini.

Somo la reli

Historia ya kipimo hiki yatufundisha jambo ambalo karatasi haisemi. Mwaka 1946 maabara ya shirika la reli la Denver and Rio Grande, nchini Marekani, ilifaulu kugundua matatizo ya injini za treni za dizeli kwa kupima metali zilizomo katika oili iliyotumika. Reli ilikuwa na injini nyingi zinazofanana, zikifanya kazi inayofanana, na oili yake iliweza kupimwa tena na tena. Injini moja ilipotofautiana na dada zake, tofauti hiyo ilikuwa habari.

Pikapu moja ya Nakwa haina dada. Haifai kulinganishwa na gari jipya, wala na wastani uliochapwa pembeni mwa karatasi ya maabara, wastani ambao yamkini umetokana na magari ya nchi nyingine yanayotembea juu ya lami. Mlinganisho wake wa haki ni mmoja tu: pikapu hiyo hiyo ilivyokuwa zamani.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Sampuli ya kwanza imetolewa baada ya oili kutembea kilomita 5,000, na chuma ni 50. Ya pili imetolewa baada ya kilomita 9,000, na chuma ni 90. Asomaye namba peke yake atashtuka, maana 90 ni karibu maradufu ya 50. Lakini agawaye kwa umbali ataona kuwa mara zote mbili chuma kimeongezeka kwa 10 katika kila kilomita 1,000. Injini haijabadilika, oili ndiyo iliyokaa muda mrefu zaidi. Sampuli ya tatu, baada ya kilomita 5,000, ina chuma 85, na silikoni imepanda kutoka 15 ya sampuli ya kwanza hadi 45. Namba ya chuma ni ndogo kuliko ile ya pili, lakini habari yake ni mbaya zaidi: sasa ni 17 kwa kila kilomita 1,000, na vumbi limeingia. Hatua ya kwanza hapo ni kukagua chujio la hewa na mpira uendao kwenye injini, kwani ufa mdogo watosha kupitisha vumbi. Kuifungua injini kabla ya kuuziba ufa ni kutibu kikohozi huku mgonjwa akiachwa ndani ya moshi.

Mambo yasiyoandikwa katika karatasi

Injini kuukuu aghalabu hula oili au huivujisha, na mwenye gari huongeza. Ikiwa lita 2 kati ya 6 zimevuja na kujazwa mpya muda mfupi kabla ya kupimwa, chuma kilichokuwa 60 kitasomeka 40. Hivyo gari linalopoteza oili zaidi laweza kuonekana lenye afya zaidi, iwapo hakuna aliyeandika kiasi kilichoongezwa.

Kadhalika maji. Mahali pengi maabara hutambua kuvuja kwa rejeta kwa kuona sodiamu au potasiamu iliyomo katika dawa ya kupozea injini. Dereva ajazaye maji matupu ameifuta dalili hiyo bila kujua, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke injini inapopata moto. Ushahidi unaobaki ni ule wa kila asubuhi: kina cha maji kwenye rejeta.

Yapo pia majira. Tangu barabara ya lami kati ya Dodoma na Babati izinduliwe mwaka 2018, safari ndefu za kusini hazina tena vumbi la zamani, lakini njia za mashambani bado ni za udongo. Sampuli ya kiangazi ikilinganishwa na ya masika, tofauti yaweza kuwa ya njia wala si ya injini.

Mwisho, spektromita yenyewe ina mipaka. Huona vizuri chembe ndogo sana, lakini zile zipitazo takriban mikromita 10 humponyoka. Beringi inayobanduka vipande vipande yaweza kuwa na karatasi safi. Fundi anayekata chujio la oili na kulitazama, akapitisha sumaku, hukamilisha kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba fundi mzoefu hahitaji haya, kwani huijua oili kwa rangi yake. Rangi ni shahidi dhaifu. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa masizi, na weusi huo waonyesha kwamba dawa zilizomo zinayashika masizi yasigande ndani ya injini. Sikio la fundi lina thamani kubwa zaidi kuliko rangi, ila alichokisikia Januari hakiwezi kulinganishwa na cha Juni kama hakikuandikwa.

Wengine watasema kwamba maabara ziko mbali na gharama ni kubwa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na daftari. Asiye na kumbukumbu ya kilomita, ya oili aliyoongeza na ya tarehe aliyobadilisha chujio, akilipia kipimo hununua namba asiyoweza kuisoma. Mwenye kumbukumbu hizo atajua hata wakati gani kipimo kinastahili kulipiwa.

Wajibu wa shule

Hapa ndipo mwalimu wa sekondari anapohitajika. Gari moja la shule au la jirani latosha kuwa somo la mwaka mzima. Wanafunzi waandike umbali na oili iliyoongezwa kila juma, wachore grafu, na kila oili inapobadilishwa wadondoshe tone moja juu ya karatasi ya kuchujia, wailinganishe na ya nyuma. Wavae glavu, kwa sababu oili chafu ina viambato vinavyodhuru ngozi, na isimwagwe ovyo, hasa karibu na Ziwa Babati.

Atakayejifunza kusoma mwenendo badala ya namba moja atakuwa amepata zaidi ya elimu ya magari. Kipimo cha udongo wa shamba, cha damu hospitalini na cha mvua katika kituo cha hali ya hewa, vyote vyataka maswali yale yale: kimelinganishwa na nini, katika muda gani, na ni kitu gani hakikuandikwa? Taifa linalonunua mashine za kupimia bila kuwafundisha vijana wake maswali haya litakuwa na karatasi nyingi na maamuzi yale yale ya kubahatisha.