Homa inayorudi, na daftari lisilosema ukweli

Homa kali inakushika. Siku ya tatu inaondoka yenyewe kwa jasho jingi, unarudi shambani. Wiki moja baadaye inakurudia. Zahanati wanakupima malaria kwa kipimo cha haraka, hawaioni. Kwenye daftari wanaandika neno moja tu: homa.

Huenda ni homa ya papasi. Na neno hilo moja, tunavyoona sisi, lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana.

Papasi ni nani?

Ni aina ya kupe anayejificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Wengi hawajui kama wameumwa. Akiwa na bakteria wa ugonjwa huu, humwachia mtu. Homa hurudi kwa sababu bakteria hao hubadili umbo lao la nje, na kinga ya mwili huwapoteza.

Nchini Tanzania ugonjwa huu unajulikana tangu zamani, hasa mikoa ya kati kama Dodoma. Kwa mjamzito ni hatari: mimba inaweza kuharibika, au mtoto akafa akiwa mchanga.

Msimbo mmoja, maana kubwa

Shirika la Afya Duniani limeupa kila ugonjwa msimbo wake, yaani herufi na tarakimu. Katika orodha inayoitwa ICD-10, homa ya papasi ni A68.1. Inayofanana nayo lakini huletwa na chawa ni A68.0. Malaria huanzia B50 hadi B54. Na homa isiyojulikana chanzo chake ni R50.9.

Taarifa za zahanati hupanda hadi wilayani na wizarani kupitia mfumo wa MTUHA. Huko hawamwoni mgonjwa, wanaona hesabu. Wagonjwa wa papasi wakiandikwa malaria au homa tu, wilaya itaonekana haina papasi. Isipoonekana, nani atapanga bajeti ya darubini, dawa au elimu ya kuziba nyufa? Na mhudumu mpya akifika, hataufikiria ugonjwa ambao daftari halijawahi kuutaja. Ndivyo kosa linavyojizaa.

Hata hivyo, tusimlaumu mwandishi wa daftari peke yake. Hawezi kuandika A68.1 kwa kubahatisha. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta malaria tu. Bakteria wa papasi huonekana damu ikichunguzwa kwa darubini, hasa mgonjwa akiwa na homa. Pasipo darubini na mtaalamu wake, msimbo sahihi hauwezi kuandikwa.

Wewe ufanye nini?

Mweleze mhudumu homa ilianza lini, ilikaa siku ngapi, na imerudi mara ngapi. Mwambie kama unalala, au ulilala safarini, kwenye nyumba ya udongo. Uliza kama damu inaweza kuchunguzwa kwa darubini, na nenda wakati homa ipo.

Ugonjwa huu unatibika kwa antibayotiki za kawaida. Lakini usijinunulie dukani: dozi ya kwanza inaweza kuleta mtetemeko mkali na kushusha shinikizo la damu, hivyo inafaa uwe karibu na mhudumu.

Kabla ya kuondoka, uliza: mmeandika ugonjwa gani? Ni haki yako kujua, na jibu hilo litamsaidia hata jirani yako.