Somo la Kwanza la Utingo

Mpwa wangu amepata leseni ya kuendesha lori lenye trela. Aliileta nyumbani Ijumaa moja tulipotoka msikitini, akamwonyesha mamake, kisha akanionyesha mimi, na sote tukamshukuru Mungu, maana kazi siku hizi ni adimu na kijana asiye na kazi hapa Mombasa hajui atakalolala nalo wala atakaloamka nalo. Nikaishika ile kadi, nikaziona herufi CE, ambalo ndilo daraja la malori makubwa yenye trela. Hapo nikamwuliza swali ambalo sikulidhania kuwa gumu: "Mwanangu, trela umeliunga mara ngapi?"

Akacheka. "Mjomba, trela sijaliunga hata mara moja. Tulifunzwa kwa Canter."

Mimi sikucheka. Ndugu msomaji, Canter ni gari dogo ambalo hata muuza mboga wa Kongowea hulitia magunia yake akaenda nalo. Baina ya Canter na lori la ekseli saba, ambalo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaliruhusu kufika tani 56 pamoja na mzigo wake, ni kama baina ya dau la kuvulia na jahazi la kwenda Maskati. Kijana huyu alikaa mbele ya meza yenye barabara zilizochorwa, akasukuma kigari cha kuchezea akieleza atapinda wapi na atasimama wapi, kisha akaendesha Canter mbele ya mtahini, akafaulu. Simlaumu. Alifanya alilotakiwa kufanya. Lakini tangu siku ile usingizi wangu si mzuri, na sababu yake ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa utingo, na najua utingo hufunzwa nini kwanza.

Ilikuwa mwaka 1990. Nilikuwa nimemaliza chuo na skuli, nina mashairi mawili matatu mfukoni ambayo hakuna aliyeyataka, na kazi sina. Ami yangu alikuwa dereva wa lori la trela, akichukua chumvi kutoka Gongoni, kule mbele ya Malindi, akiipeleka Nairobi na mara nyingine hadi Malaba mpakani. Utingo wake alikuwa ameugua. Baba akaniambia, "Nenda na ami yako, labda utapata uzi." Nikapanda. Nilikuwa na hamu ya kujua gia, kwa kuwa lile lori lilikuwa na gia nyingi kuliko vidole vya mikono yangu, na nilidhani somo langu la kwanza litakuwa hilo.

Halikuwa hilo. Tulipokaribia kizuizi cha kwanza cha polisi, ami alinipa kile kitabu chekundu cha leseni cha zama zile pamoja na noti ya shilingi ishirini. Akaniambia niikunje mara mbili, niitie katikati ya kurasa, niteremke upande wangu, nizunguke nyuma ya trela kama anayekagua magurudumu, nimkabidhi askari huku namtazama usoni, nisiitazame mikono yake. Nilifanya hivyo. Askari alikifungua kitabu, akakifunga, akanirudishia kikiwa chepesi. "Kijana mzuri," akasema. "Dereva wako amekufunza." Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Kwa nini apelekwe utingo, dereva asiteremke mwenyewe? Kwa sababu utingo hana jina. Leseni si yake, lori si lake, mzigo si wake. Akishikwa, dereva atasema simjui nia yake. Hivyo ndivyo kijana anavyoingizwa katika kazi hii: kabla ya kuijua breki anaijua hongo, na anaifunzwa na mtu anayemheshimu kama babake.

Ama kuhusu udereva wenyewe, sijaona fundi kama ami yangu, na yote aliyonifunza baadaye ningali nayo. Alikuwa haondoki asubuhi mpaka ameizunguka gari yote akigonga magurudumu kwa rungu, akisikiliza mlio; gurudumu lililopungua upepo lina sauti yake, husikika kama dafu bovu. Akisha kuunga trela hakuridhika kwa kuisikia pini ikiingia mahali pake. Alikuwa akiacha breki za trela zimeshika, akakivuta kichwa mbele kidogo, akahakikisha kwamba hakibanduki, ndipo akafunga mipira ya upepo na kukunja miguu ya trela. Geji ya upepo aliitazama kama maalim anavyotazama ubao wa mwanafunzi. Aliniambia breki za lori kubwa hufanya kazi kwa upepo, na upepo ukipungua breki hujikaza zenyewe, kwa hivyo usiombe jambo hilo likukute kwenye mteremko wenye mvua.

Mteremko ndio uliokuwa darasa lake kubwa. Kanuni yake ilikuwa kwamba mlima uuteremke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, na uitie gia hiyo kabla hujaanza kushuka, maana ukisha kuanza kushuka huenda usiipate tena. Injini ndiyo itakayolishika lori. Breki uzibakishe kwa haja. Dereva anayekanyaga breki njia nzima huzitia moto mpaka zikalainika, zikawa kama ulimi, hazishiki kitu. Na yule anayetia gia huru, ambayo madereva huiita nyutro, ili lori lishuke lenyewe apate kuponea mafuta kidogo ya kwenda kuuza njiani, huyo ami hakumwita dereva. Alikuwa na jina lake ambalo mhariri wangu hatalichapa.

Kurudi nyuma kulinichukua miezi. Ukitaka trela liende kulia, usukani uuzungushe kushoto, kisha uufuate taratibu. Ukichelewa kuufuata, kichwa na trela hukunjana kama mkasi. Tulifanya hayo katika uwanja mtupu wa Miritini, Jumapili kwa Jumapili, baina ya mapipa mawili. Niliyaangusha mapipa yale mara zisizohesabika.

Sasa nirudi kwenye ile noti.

Mwaka wa pili, wakati wa mwezi wa Ramadhani, ami alikataa. Sikuambiwa kwa nini. Tulisimamishwa mahali nisipopataja, nikanyoosha mkono nipewe noti kama ada, naye akanipa kitabu kitupu. "Leo mpe hivi hivi." Askari alikifungua, akakipekua hadi mwisho, akanitazama kwa huruma, wallahi kwa huruma kabisa. Taa moja ya nyuma ikaonekana kuwa haiwaki. Ilikuwa inawaka. Tukaambiwa tuegeshe. Tulilala pale siku mbili na chumvi yetu, tukifuturu kwa maji na mahamri yaliyokauka, na siku ya tatu ami akapelekwa mahakamani akatozwa faini iliyozidi mshahara wake wa mwezi. Tajiri wake alikuwa mtu mwenye kusali sana. Alimsikiliza, akamwambia kuwa yeye haajiri maulamaa, anaajiri madereva, na safari iliyofuata lori lilikuwa na mtu mwingine. Mimi nikarudi kwenye mashairi yangu. Ami aliuza nazi hadi alipofariki.

Nilimwendea maalim wangu wa chuoni kumwuliza hukumu ya jambo hili, maana nilikuwa na dhambi za miezi kadhaa mkononi. Alinifafanulia kwamba mwenye kutoa hongo na mwenye kupokea wote wamelaaniwa, na kwamba hilo halina shaka. Lakini akaongeza kuwa wanavyuoni wengi wamembagua yule aliyedhulumiwa, ambaye hana njia nyingine ya kuipata haki yake au kujikinga na dhuluma ila atoe. Huyo dhambi yake humwangukia mpokeaji. "Lakini wewe," akaniuliza, "lori lenu lilikuwa zima siku zote? Uzito ulikuwa sawa siku zote?" Sikumjibu. Siku nyingine halikuwa zima, na magunia ya chumvi yalikuwa yakizidi. Noti ilikunjwa vile vile, ikapokewa vile vile, na mimi utingo sikuwa na njia ya kujua leo tunajikomboa au tunauza roho za watu. Tazama basi ubaya wa ada hii. Askari akisha kuzoea kupokea kwa asiye na kosa, hana tena haja ya kumtazama mwenye kosa.

Wala neno mizani si geni kwetu. Iko sura nzima katika Kurani iliyoteremshwa juu ya wanaopunja vipimo, nasi tuliihifadhi tukiwa watoto, tukidhani inamhusu muuza sukari wa mtaani. Leo mizani zimesimama Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye, na yapo mashine ya kupima lori likiwa linakwenda. Hizo zimefaa. Lakini hakuna mashine ya kupima kama mtu aliyeshika usukani anajua kushuka mlima.

Na milima ipo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Mkesha wa mwaka mpya wa 2018, katika njia ile ile karibu na Salgaa, basi liligongana na lori wakafa watu 36. Serikali ikaweka ukuta wa saruji kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Mwezi wa Juni 2023 pale Londiani lori la kontena liliacha njia likawapitia wachuuzi na wasafiri kituoni, wakafa zaidi ya hamsini. Sisemi kwamba hongo ndiyo iliyosababisha ajali hizi. Kila ajali ina sababu zake na wachunguzi wake. Nasema tu kwamba mpwa wangu ataipita njia hiyo, na leseni anayo.

Wako watakaosema kuwa mambo yamebadilika. Ni kweli, kiasi fulani. Sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na hongo inamshika mpaji na mpokeaji sawasawa. Askari wa trafiki walipopigwa msasa na Tume ya Huduma ya Polisi waliulizwa juu ya fedha zilizopita katika M-Pesa zao, na baadhi yao walibabaika kueleza. Siku hizi noti haikunjwi sana kwenye kitabu, kwani hata kitabu chenyewe hakipo tena, leseni imekuwa kadi. Lakini utingo angali anateremka upande wake, akazunguka nyuma ya trela. Nimemwona kwa macho yangu mwaka huu, nikiwa ndani ya basi, na mwendo wake niliutambua.

Nao askari si watu wa kutukanwa tu. Anayesimama juani kutwa pale Taru, hana kivuli, yeye pia alifunzwa na aliyemtangulia. Ninaowakasirikia zaidi ni matajiri wa malori. Wengi wao humlipa dereva kwa safari badala ya mwezi, kisha humpa fedha za njiani ambazo kila mmoja anajua kuwa zimo za vizuizi, na hawataki risiti. Huyo ndiye mtoaji hongo mkuu, naye hajawahi kusimama kizuizini hata siku moja.

Babu zetu wa majahazi walikuwa na utaratibu. Mtoto alianza kwa kupika na kuteka maji ya ngama, akawa baharia, akajua tanga na upepo, akawa sarahangi, na hakukabidhiwa chombo mpaka manahodha waliomzidi umri waridhike. Na aliyejua njia za bahari waliita mwalimu, jina lile lile tulilompa wa chuoni. Utingo na dereva walikuwa wameurithi utaratibu huu bila kuandikiwa na mtu. Lakini wazee kadhaa niwajuao waliuacha usukani baina ya mwaka 2019, mizigo ilipoamriwa ipande reli, na 2022, amri ilipoondolewa. Malori yaliporudi barabarani wao hawakurudi, na vijana wakaingia na kadi zao.

Naona basi ingefaa utingo aandikwe na awe na daftari lake, kila anapofunzwa jambo fundi wake atie sahihi, na mtu asipewe CE mpaka ameunga trela, amelirudisha nyuma na ameshuka nalo mteremko mrefu likiwa na mzigo, mtahini akiwa kando yake. Na pale kizuizini, kila lori linalosimamishwa liandikiwe karatasi yenye saa, mahali na namba ya askari, hata likiwa halina kosa. Karatasi hiyo haizuii kila kitu, lakini ami angekuwa na kitu cha kumwonyesha tajiri wake.

Hayo yatachukua muda, na mpwa wangu ameambiwa kuna kazi mwezi ujao. Dada yangu alinijia juzi akitaka shilingi elfu kumi na tano za "kumrahisishia" kwa mtu fulani wa kampuni. Nimemkatalia, akanuna, akaniambia nina roho ya jiwe. Fedha hizo hizo nimempa mzee mmoja dereva wa zamani aliye Changamwe, mwenye kichwa na trela vilivyopumzika uani kwake. Kuanzia Jumapili hii watakuwa naye. Nimeshanunua mapipa mawili.