Majini sawa, lakini ajuza amekosa nini?

Wacha nikuulize, na usinidanganye. Ukiketi kutazama tamthilia ya Kiswahili yenye mambo ya uchawi, huwa unachukua dakika ngapi kumjua mchawi? Mimi tatu zinanitosha. Ni yule ajuza anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, nguo zimechakaa, macho mekundu. Akitokeza tu mlangoni, muziki unabadilika. Hajasema neno, na wewe tayari umeshamhukumu.

Hapa Kiwanjani, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege wa Isiolo, burudani haikosi wateja. Wikendi ni ligi ya Uingereza, na ukichelewa utatazama mechi ukiwa umesimama. Kuna nyumba ambazo Ertuğrul, yule shujaa wa tamthilia za Kituruki, anajulikana kuliko diwani. Kuna wasee ambao muvi bila sauti ya DJ Afro kwao si muvi. Lakini siku hizi mambo ya mizuka ndiyo yanayovuma. Stranger Things ilifunga kazi tarehe 31 Desemba 2025 baada ya misimu mitano, na mabishano kuhusu mwisho wake hayajaisha. Wednesday nayo ilirudi na msimu wa pili mwaka huo huo. Asiye na bando anajaziwa flashi kwa shilingi chache na maisha yanaendelea.

Sasa sikiza kilichonifanya niandike. Kwenye ploti yetu anaishi mama mmoja mzee tunayemwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na jioni hupenda kuketi nje penye giza kwa sababu mwanga unamuumiza. Nusu ya watoto wa ploti hii amewalea yeye, mama zao wakiwa sokoni. Juzi nilirudi nikakuta watoto watano wakimrushia vijiwe na kuimba, "Mchawi! Mchawi!" Nikawashika, nikawauliza nani aliwaambia hivyo. Mmoja wa miaka saba hivi akanijibu bila woga: "Si tulimwona kwa TV?"

Waliyemwona ni mwigizaji wa tamthilia moja ya jioni, jina nalihifadhi. Naye alikuwa na jicho jeupe. Akko hakulalamika. Aliacha tu kuketi nje.

Kabla hujanirukia, sisemi majini waondolewe kwenye TV. Mimi mwenyewe ni mraibu wa hadithi hizi. Ndiyo maana nataka tuzilinganishe kama mashabiki wanavyolinganisha timu: nani anacheza vizuri, na nani anapiga mpira mbele tu akitumaini bahati.

Anza na Stranger Things. Hawkins ni kamji kadogo ka kubuni, kila mtu anamjua mwenzake, umbea haulali. Kama hapa kwetu tu. Lakini mlango wa kule gizani haukufunguliwa na ajuza. Ulitokana na majaribio ya siri ya maabara, watu wenye makoti meupe na baraka za serikali, waliomtesa mtoto mdogo ili watumie uwezo wake. Halafu kumbuka msimu wa nne, ule wa 2022. Unamkumbuka Eddie Munson? Nywele ndefu, gitaa, michezo isiyoeleweka na wazazi. Msichana alipouawa, mji ukaamua kwamba Eddie anaabudu shetani, na vijana wakaanza kumwinda. Wewe mtazamaji ulikuwepo msichana yule alipokufa. Ulijua Eddie hana hatia. Kwa hivyo umati ulipojikusanya, uliuogopa umati, hukumwogopa Eddie. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi aliyeiva.

Wednesday pia. Katika msimu wa kwanza, 2022, adui anayefufuliwa ni Joseph Crackstone, mlowezi mchaji Mungu aliyewafungia watu wa ajabu ndani ya nyumba na kuichoma moto. Wenye sura za kutisha ndio tunaowaonea huruma. Mwenye sura ya heshima ndiye zimwi.

Utaniambia, "Buda, hao ni Netflix, wana pesa." Sawa. Twende Nigeria. Katika Anikulapo ya Kunle Afolayan, iliyotoka 2022, kuna kijana mfumaji wa vitambaa, Saro, anayepata uwezo wa kufufua wafu. Uwezo huo haumponzi kwa kuwa ni wa kichawi. Kinachomponza ni kiburi chake mwenyewe. Turudi Kenya. Mwaka wa 2016 Mbithi Masya alitoa Kati Kati, filamu ambayo haifiki hata saa moja na nusu. Mwanamke anazinduka nyikani bila kukumbuka lolote, mahali ambapo ungedhani ni hapo tu nje ya mji wetu. Anafika kwenye hoteli na kugundua kwamba wote pale ni wafu, yeye akiwemo. Hakuna mganga, hakuna hirizi. Kila mtu anakabiliana na alichokifanya alipokuwa hai. Filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Toronto. Kwa hivyo tusisingizie pesa.

Kwa nini nalivalia njuga jambo la muvi? Kwa sababu huku nje hakuna anayesema "kata". Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kule Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi kukiwa na ugomvi wa shamba nyuma yake, hadi wengine wakakimbilia Kaya Godoma huko Ganze kuokoa maisha yao. Mvi zimegeuzwa ushahidi.

Sidai kwamba TV ndiyo iliyowaua. Imani hizo zilikuwepo kabla ya TV. Hata Sheria ya Uchawi tuliyorithi kutoka 1925 inasema kumwita mtu mchawi ni kosa, isipokuwa unampelekea habari hizo chifu, polisi au mamlaka nyingine. Lakini tamthilia inayotuonyesha ajuza kila wiki, kisha sehemu ya mwisho ikathibitisha kwamba kweli ni yeye, inauambia umati: mlikuwa sahihi.

Najua majibu yenu. "Ni burudani tu." Kama kinachoonyeshwa hakimwingii mtu, mbona kampuni zinalipia matangazo katikati ya hiyo burudani? "Ni utamaduni wetu." Sawa, lakini katika utamaduni huo huo ajuza ndiye aliyetusimulia hadithi za mazimwi usiku. Tumemtoa kwenye kiti cha msimulizi, tukampa nafasi ya zimwi.

Wewe unayeandika hadithi kwenye simu ukiota kuziona kwa TV siku moja, angalia mtaa wako vizuri. Zimwi la Isiolo linaweza kuwa dalali mwenye suti anayeuza ploti moja kwa watu wanne, na kila saini ikiwekwa, mtu mmoja anapotea. Linaweza kuwa kisima kinachotoa maji mwaka mzima kwa boma la tajiri mmoja, huku mifugo ya wengine ikifa kiangazi. Hapo hata mimi nitalala taa ikiwa imewashwa. Na wewe mtazamaji, siku wakikuletea tena ajuza wa macho mekundu, waandikie kwenye kurasa zao uwaambie umechoka. Wanasoma, amini.

Jana jioni nilimtolea Akko kiti chake nje. Alisitasita, kisha akaketi. Nikawaita wale watoto waje wasikilize hadithi ya fisi. Wawili walikuja. Watatu bado wanapitia ule upande mwingine wa ploti, wakikimbia.