Mukubwa anaangalia wapi?

Watu wa Kolwezi, wa Likasi na wa Kipushi wanajua kuhesabu tani. Mu mwaka wa 1986 Gécamines ilitosha karibu tani 476.000 za shaba. Mu 1994 haikufika hata 40.000. Shaba haikuisha mu udongo, kwani leo kompani zingine zinaichimba fasi ile ile na zinapata faida. Basi nini njo iliisha?

Wengi wanatujibu: ni vita ya wizi ya 1991, ni kufukuzwa kwa watu wa Kasai. Ni kweli, na kufukuza mutumikaji kwa sababu ya kabila yake ilikuwa haya kubwa, tena mafundi wengi walienda nayo. Lakini shimo ya Kamoto ilianguka mu mwezi wa 9 wa 1990, mbele ya ile yote. Na mu 1988 na 1989 bei ya shaba ilikuwa muzuri! Makuta iliingia. Haikushuka chini.

Direkta aliwekwa na Mobutu, alitoshwa na Mobutu. Mutu wa namna ile macho yake iko Kinshasa, haiko mu shimo. Serkali ilipokamua, hakuna aliyesema hapana, na spea, mashini na kazi ya kutengeneza mashimo vikangoja. Fasi kama ile, raporti tamu njo inapanda juu. Raporti ya uchungu inalala mu meza ya shefu mudogo, sababu naye anaogopa mukate wake.

Deni walilipa wengine. Mishahara ilikosa miezi na miezi, mposho ikaisha, na baba aliyezoea kupeleka watoto ku masomo ya kompani akabaki kuuzisha vitu vya nyumba. Mu 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 walisaini ile waliyoita « départ volontaire ». Volontaire! Mutu mwenye njaa anachagua nini?

Leo kuna kompani mupya, mashini mupya, helme za kungaa. Lakini wengi wenu munatumika mu sous-traitance, na kontra za miezi michache. Mutu wa kontra fupi akiona ufa mu ukuta wa shimo, atasema, ao atanyamaza mupaka mwisho wa mwezi?

Sheria ya kazi inaomba komite ya usalama mu kila kompani. Tunataka hizi komite zikutane kweli, watu wa sous-traitance wakiwa ndani, na wake zenu wajue majina ya wajumbe. Tunataka mutumikaji anayesimamisha kazi sababu ya hatari asifukuzwe. Na wakubwa, hata mara moja kwa mwezi, washuke chini pamoja na ekipe ya usiku, bila wapiga picha.