Spea mpya si dawa ya usukani mbovu

Msimu wa mavuno unapofika, barabara za vumbi zinazoshuka kutoka vijiji vya milima ya Usambara kwenda Lushoto na Mombo hujaa magari ambayo mengine yana umri mkubwa kuliko madereva wake. Zimo Land Rover 109, ambazo toleo lake la mwisho liliacha kuundwa mwaka 1985, zimo Land Rover 110 zilizozifuata, na zimo Land Cruiser za zamani. Ndizo zinazobeba kabichi, viazi na matunda hadi sokoni. Mara nyingi juu ya mzigo hukaa na watu.

Magari haya yamedumu kwa sababu yameundwa kwa namna ambayo fundi wa kawaida anaweza kuyafungua na kuyafunga chini ya mwembe. Ekseli ya mbele ni chuma kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na karibu kila kinachochakaa kinaweza kubadilishwa. Hata hivyo, sifa hiyohiyo imezaa mazoea mabaya. Usukani ukianza kucheza au magurudumu ya mbele yakianza kupiga, mwenye gari hukimbilia dukani kabla hajaingia uvunguni.

Mfuatano wake unajulikana katika gereji nyingi. Kwanza hununuliwa tairodi. Gari likiendelea kupiga, hununuliwa dampa ya usukani. Likiendelea tena, fundi hukaza skrubu ya boksi la usukani. Mwisho boksi lenyewe huonekana ndilo lenye makosa. Fedha ya magunia kadhaa ya viazi inakuwa imekwenda, na ugonjwa uko palepale.

Fundi hapaswi kubebeshwa lawama zote. Kwa desturi iliyopo, fundi analipwa kwa kufunga kifaa, halipwi kwa kutafuta ubovu. Akikaa saa nzima chini ya gari na kusema kwamba hakuna cha kununua isipokuwa kukaza nati mbili, mwenye gari humwona hakufanya kazi. Hivyo naye huchagua kazi inayolipa. Ni wakati sasa wenye magari waone kwamba fedha ya kwanza ni ya uchunguzi, na fedha ya spea ifuate baadaye.

Uchunguzi huo hauhitaji mashine. Unahitaji jeki, mawe au magogo ya kuzuia gari, nondo, futi ya kupimia, tochi na mtu wa pili. Jambo la muhimu ni kufuata utaratibu, kuanzia kisichogharimu kitu.

Cha kwanza ni matairi. Upepo usiolingana huvuta gari upande mmoja, na tairi lililoliwa upande mmoja hutoa taarifa kwamba magurudumu hayaendi sambamba. Cha pili ni gia ya magurudumu manne. Land Rover 109 na Land Cruiser nyingi za zamani hazina difu ya katikati. Dereva akisahau kuondoa gia hiyo anapofika kwenye lami, ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana, na usukani huwa mgumu kama uliofungwa kamba. Kwa Land Rover 110, ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, matokeo ni hayohayo iwapo difu ya katikati imeachwa ikiwa imefungwa. Boksi linaweza kulaumiwa bure kwa kosa la mkono mmoja wa gia.

Cha tatu ni viungo. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake yote, mtu mmoja autikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, na mwenzake aweke kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu: shafti ya usukani, mkono wa boksi, draglinki, kisha tairodi za pande zote mbili. Kiungo kizima husogea pamoja na chuma kinachokifuata. Kilicholegea hugonga kiganjani kabla cha pili hakijasogea. Aidha, boksi lenyewe liangaliwe kama linatikisika kwenye chesisi, kwa kuwa bolti zilizolegea au chesisi iliyopasuka huleta dalili ileile ya boksi bovu.

Cha nne ndicho kinachorukwa mara nyingi. Gari linyanyuliwe gurudumu moja la mbele, likalishwe juu ya gogo imara na wala si juu ya jeki peke yake, na magurudumu ya nyuma yawekewe mawe. Kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki na lishikwe tena. Breki hulifunga gurudumu na habu yake kwenye sehemu inayogeuka. Kwa hiyo mchezo ukiisha breki inapokanyagwa, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Mchezo ukibaki, ubovu uko kwenye kingpini, yaani pale gurudumu linapogeukia kushoto na kulia. Jaribio hili halichukui hata dakika tano kwa kila upande, nalo hutenganisha kazi mbili ambazo gharama zake hazifanani.

Kingpini zilizolegea ndizo mara nyingi huleta ule mtikisiko mkali unaoanza gari linapoingia shimo likiwa kwenye mwendo. Hapa ndipo dampa mpya inapodanganya. Dampa huuzima mtikisiko kwa muda bila kugusa chanzo chake, kama vile kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza maumivu na kumrudisha shambani. Dereva hujiona salama, huongeza mwendo, na kingpini huendelea kuliwa. Kukaza skrubu ya boksi kupita kiasi nako ni hivyohivyo. Mchezo hupungua, lakini usukani hukataa kurudi katikati baada ya kona, na meno ya ndani husagika haraka zaidi.

Cha tano ni jinsi ekseli ilivyofungwa. Magari mengi kati ya haya yana springi za vyuma bapa zilizoshikiliwa kwa U-bolti. Bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli huteleza nyuma au mbele upande mmoja, na gari huanza kutembea upande kama kaa. Hakuna tairodi itakayoponya hilo. Kipimo chake ni futi: magurudumu yakiwa yamenyooka, upimwe umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana sana, U-bolti, springi na bushi zitazamwe kabla ya kitu kingine. Gari linalovuta upande mmoja dereva anapokanyaga mafuta na upande wa pili anapoachia, mara nyingi linalalamikia bushi za ekseli ya nyuma, ingawa dereva husikia ugonjwa mikononi mwake mbele.

Cha sita ni oili. Katika Land Cruiser za zamani, grisi nzito iliyo kwenye kichwa cha ekseli ya mbele ikigeuka uji mwepesi unaovuja, maana yake sili ya ndani imekufa na oili ya difu imevuka. Difu inabaki na kiu, na oili hiyo inaweza kufika kwenye breki. Oili ya rangi ya maziwa nayo inasema maji yameingia. Ekseli iliyopata moto ikitumbukizwa mtoni hupoa ghafla na hewa ya ndani husinyaa. Tundu lake la kupumulia likiwa limezibwa na tope, ekseli hunyonya maji kupitia kwenye sili. Kulisafisha tundu hilo ni kazi ya kipande cha waya.

Wapo watakaosema kwamba tairodi za bei nafuu zimejaa madukani, hivyo ni rahisi kubadilisha zote na kumaliza kazi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ubovu uliobaki ungekaa kimya. Haukai. Gurudumu linalopiga kwa sababu ya kingpini hugonga tairodi mpya mchana kutwa, na baada ya muda mfupi nayo huwa kama ile iliyotupwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa mwenye gari huujenga ukuta huohuo kila msimu.

Wengine husema fundi wa kijijini hawezi kazi hiyo. Ukweli ni kwamba wengi wanaiweza, ila hawajapewa muda wala malipo ya kuifanya. Mwenye gari akiafikiana na fundi bei ya uchunguzi kabla gari halijaguswa, akashika usukani mwenyewe wakati fundi yuko uvunguni, na kila ubovu ukaandikwa kwenye karatasi, atanunua spea anayoihitaji tu. Pia atajua kipi hakiwezi kungoja. Tairodi inayokaribia kuchomoka, kingpini zinazocheza, U-bolti iliyokatika na oili kwenye breki ni vya kusimamisha gari siku hiyo. Draglinki au tairodi iliyopinda haifai kunyooshwa kwa moto wala kuchomelewa, maana ikikatika kwenye mteremko, dereva anabaki ameshika usukani usiopeleka gari popote.

Mfanyabiashara anayekodi gari naye ana sehemu yake. Kabla ya kupakia, aombe usukani utikiswe injini ikiwa imezimwa, aangalie magurudumu yanachelewa kiasi gani kuitikia, kisha ainame kutazama kama kuna oili inayochuruzika upande wa ndani wa tairi. Asiporidhika, mzigo ubaki chini hadi gari litazamwe. Kabichi zikilala siku moja zitapungua bei, lakini zitauzika. Wale wanaopanda juu ya magunia hawana namna ya kujua hali ya kingpini, na ni mwenye gari na mwenye mzigo peke yao wanaoweza kuulizia kabla ya safari.