Kandambili Ilipochomoka Buguruni

KIBARAZANI
Na Zuhura Mkwizu

Jumanne asubuhi, saa moja na robo, nilikuwa navuka barabara pale Buguruni Sheli, kapu la sokoni mkono wa kulia, mwavuli mkono wa kushoto. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope zito kando ya lami, lile jekundu linalonata kama ugali mbichi. Kandambili ya mguu wa kushoto ikanasa. Nikavuta mguu, mguu ukaja peke yake.

Ukanda haukukatika. Kilichochomoka ni kile kifundo cha mbele, kinachokaa kati ya kidole gumba na kidole cha pili na kushikwa na tundu chini ya soli. Kila aliyewahi kuvaa kandambili anaijua hali ile: kwanza unasikia "tap", kisha unahisi ubaridi wa ardhi kwenye unyayo, kisha unaangalia nyuma. Barabara ya Mandela asubuhi haina subira na mtu anayeangalia nyuma. Malori ya makontena yanatoka bandarini, daladala zinagombea abiria, bodaboda zinapita katikati yake.

Kabla sijafika pembeni nilikuwa nimeshapewa pole nne. Ya kwanza ilitoka kwa kondakta aliyekuwa ananing'inia mlangoni. Gari lake lilipita na neno lake likabaki. Ya pili ilitoka kwa binti wa shule ya msingi, ambaye hakuishia kusema: aliokota kandambili topeni, akaikung'uta na kunishikia mwavuli mpaka nikatulia. Ya tatu ilikuwa ya mzee mwenye baiskeli ya magunia ya mkaa. Ya nne nilipewa na mama muuza vitumbua, na pole yake ilikuja na kigoda.

Neno pole tunalitumia sana hata tumeacha kulisikia. Mtu anatoka kazini, pole na kazi. Anashuka kwenye basi, pole na safari. Amefiwa, pole. Amejikwaa kwenye jiwe ambalo hukuliweka wewe, na bado unampa pole kana kwamba jiwe lile ni jambo lenu wote wawili. Naye anajibu "nimeshapoa", hata kama kidole bado kinamuuma. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa Dar es Salaam. Wengi wetu hatujuani wala hatutajuana. Lakini mtu akichomokwa na kandambili barabarani, kwa dakika tano anakuwa na jamaa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo kwanza, huwezi kutengeneza kiatu umesimama."

Nikakaa. Akaendelea na kazi yake, nami nikapata nafasi ya kuitazama vizuri. Chuma cha vitumbua kina vishimo saba. Anatia mafuta kidogo katika kila kishimo, anachota uji mzito wa mchele kwa kikombe cha plastiki, anamimina, anasubiri. Mchele aliuloweka jana mchana, akausaga, akauchanganya na tui, hamira, sukari na iliki, akaufunika uumuke usiku kucha. Pembeni ya kitumbua panapoanza kuwa rangi ya kahawia, anakichokoa kwa kijiti cha chuma na kukigeuza kwa mpigo mmoja. Hakuangalia mikono yake hata mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi.

Akachomoa pini kwenye mtandio wake. Akarudisha kifundo tunduni, akaigeuza kandambili chali, akapitisha pini kwenye shingo ya kile kifundo chini ya soli ili kisirudi juu. "Itakufikisha kwa fundi," akasema. Halafu akanipa kitumbua kwenye kipande cha karatasi, cha moto, ukingo umekauka na katikati laini. Nilitoa shilingi mia mbili ya kitumbua, akaipokea. Nilipouliza bei ya pini, akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nimeitumia methali hiyo miaka mingi nikidhani inahusu mzigo kupungua tu. Pale kwenye kigoda niliisikia upya. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita hatua tano kutoka kwa mama huyu, na bila tope lile nisingemjua.

Fundi viatu wangu anakaa chini ya mkungu, mtaa wa pili kutoka hapo. Ana benchi moja la mbao, sanduku la vifaa, na rundo la tairi chakavu. Nilimkuta na wateja watatu mbele yangu, nami nikakaa kwenye benchi, mguu mmoja juu ya kipande cha boksi alichonitandikia.

Fundi hodari unamjua kwa namna anavyoshika kiatu kabla hajasema bei. Huyu aliipinda soli mara mbili, akalitazama tundu, akaniambia kwamba tundu limepanuka na hata akikirudisha kifundo kitachomoka tena kabla ya Ijumaa. Akachukua kipande cha tairi, akakata duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, akalitoboa katikati kwa sindano ya viatu. Akakivuta kifundo kipite kwanza kwenye soli, kisha kwenye lile duara. Kifundo kikatulia juu ya raba ngumu badala ya sponji laini. Hiyo ndiyo kazi nzima, na malipo yake ni shilingi mia tano. Kandambili mpya ningeinunua kwa elfu tatu, na tundu lake lingekuwa la sponji ileile.

Wakati anafanya hivyo, muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe. Wenye kulijua jiji hili wanajua mlio ule unafika kabla ya mwenyewe. Birika lake lina mkaa chini yake, mkono mwingine umebeba ndoo ya kusuuzia. Kahawa chungu, kikombe kidogo kinachojaa kiganjani, na kashata ya karanga pembeni. Kule Kagera, kabla ya ukoloni, Wahaya walikuwa wakichemsha buni na kumpa mgeni azitafune kama ishara ya kumkaribisha, na desturi hiyo haijafa. Huku pwani tunaichemsha na kuinywa, lakini kazi yake ni ileile. Mtu akishika kikombe hana budi akae, na akikaa atazungumza.

Benchini walizungumza kuhusu Simba na Yanga, kama ilivyo ada. Klabu moja ilianzishwa mwaka 1936, nyingine 1935, na bado hakuna aliyechoka. Walizungumza kuhusu bei ya mchele. Kisha kijana mmoja aliyekuja kushonewa begi akatusimulia kilichompata Ijumaa. Alitoka msikitini baada ya swala, akavaa kandambili, akaenda zake. Alipofika nyumbani mkewe akamwonyesha miguu: kulia yake, kushoto ya mtu mwingine, rangi moja, saizi mbili. Hakungoja. Akarudi alasiri, na mlangoni akamkuta mzee amekaa kwenye ngazi, amevaa jozi iliyopishana kama yake, anamsubiri. Walibadilishana, wakacheka, wakaswali pamoja. Kijana anasema sasa kila Ijumaa anamtafuta mzee yule kwa macho kabla hajaingia.

Hakuna gazeti lingeandika habari hiyo ukurasa wa kwanza. Lakini nilipowatazama waliokuwa pale benchini, kila mmoja alikuwa anatabasamu, na fundi alikuwa amesimamisha sindano hewani asikilize mwisho wake.

Bibi yangu kule Pangani alivaa mitalawanda, viatu vya mbao, alipokwenda kuoga na kutawadha. Havikuwa na kanda. Vilikuwa na kijiti kilichosimama mbele, msuruwaki, ambacho unakibana kwa vidole viwili. Msuruwaki ukivunjika unampelekea seremala, anachonga mwingine, maisha yanaendelea. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikaenea kandambili za mpira, zilizotokana na ndara za Kijapani zinazoitwa zori, nazo zikashusha mbao kwenye miguu ya pwani yote. Sina ugomvi nazo. Ni nyepesi, ni rahisi, zinakauka upesi. Ila mtalawanda uliokwisha uliingia jikoni ukawa kuni. Kandambili iliyokwisha haiendi popote. Mvua ya masika inaisukuma mtaroni, mtaro unaipeleka mtoni, mto unaipeleka baharini, na bahari inairudisha ufukweni pamoja na nyingine elfu.

Watu wa Lamu waliliona hilo wakafanya jambo. Mwaka 2018 mafundi wa majahazi, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini chombo cha urefu wa mita tisa hivi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya kandambili vipatavyo 30,000. Wakakiita Flipflopi. Mwaka uliofuata kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita kama 500. Nilipoziona picha zake, rangi zote zile za njano, bluu na waridi, nilifurahi sana kwa ufundi wao. Kisha nikawaza: ni ngapi kati ya hizo zilitupwa kwa sababu ya kifundo tu? Ni ngapi zilihitaji duara moja la tairi na shilingi mia tano?

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu la wiki hii.

Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo walipohamishwa kutoka pembezoni mwa barabara za jiji hili, fundi wangu naye alihama. Nilielewa sababu. Njia za waenda kwa miguu zilikuwa zimejaa meza, na mama mwenye mtoto mgongoni alilazimika kutembea barabarani pamoja na magari. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka hali ile irudi. Lakini fundi viatu hahitaji meza. Anahitaji mti mmoja, benchi moja na ruhusa ya kukaa. Kwa miezi kadhaa sikujua alipo, na nakumbuka nilitupa viatu viwili kipindi hicho, vyote vikiwa na ugonjwa mdogo. Aliporudi, hakurudi kwenye mti wa zamani. Ule ulikuwa umekatwa. Mkungu huu wa sasa ulimkaribisha kwa sababu mwenye nyumba iliyo nyuma yake ni mtu mwema. Kwa hiyo ufundi unaotegemewa na mtaa mzima umesimama juu ya wema wa mtu mmoja. Siku mwenye nyumba akiuza kiwanja, mtaa utakosa fundi, utakosa benchi, na muuza kahawa atapita bila kusimama.

Tunajenga sana siku hizi, na ni jambo jema. Barabara zinapanuliwa, mitaro inachimbwa, vituo vinaezekwa. Ninachoomba ni kwamba mpango wa mtaa unapochorwa, mchoraji aweke pia mti na benchi: mita mbili za kivuli nje ya njia ya kupita, mahali ambapo mtu aliyechomokwa na kandambili anaweza kukaa. Mitaa mingi ya Mji Mkongwe Zanzibar imejengwa na baraza mbele ya nyumba, kiti cha mawe cha kila mpita njia, na mpaka leo watu wanakaa pale wakinywa kahawa jioni. Wajenzi wale walijua kwamba mtu atachoka njiani, atanyeshewa, atakatikiwa na kitu, atataka kupumzika. Nasi tunalijua hilo. Tunalijua kila masika na kila vuli.

Kwa wenyeviti wa serikali za mitaa na madiwani mnaosoma safu hii: kabla hamjakata mti wowote wenye kivuli, pitieni kwanza muulize nani anakaa chini yake na anafanya nini. Mkikuta fundi, mpeni nafasi iliyoandikwa, asiishi kwa fadhila.

Kwako wewe msomaji: fungua lile sanduku chini ya kitanda. Mna kiatu kilichoachia gundi, begi lililokatika mkanda, mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Vipeleke wiki hii, kabla mvua hazijachanganya. Usimwachie fundi na kuondoka. Kaa benchini, agiza kahawa, sikiliza.

Nami Jumatano nilirudi kwa mama wa vitumbua na pini yake. Alikuwa ameshaisahau. Akaipokea, akaichomeka kwenye mtandio, akanisogezea kigoda kilekile. Kandambili nilikuwa nimeivaa, na lile duara la tairi limeshika mpaka leo.