Safari ya Familia na Matumbawe Yanayobaki Gizani

Likizo inapokaribia, familia nyingi hufunga nyumba na kwenda kuwaona wazee. Kuku hukabidhiwa jirani, maua humwagiliwa na mlinzi. Lakini zipo nyumba, hapa kwetu na kwa ndugu zetu walioko ughaibuni, zenye hodhi la kioo la maji ya bahari, ndani yake samaki na matumbawe hai. Wenye nyumba hizo hujiuliza: taa kubwa ya hodhi ikiharibika, au tukiamua kuizima, je, viumbe hawa watatungoja mpaka turudi?

Kwa maoni yetu, giza la siku chache halitishi sana. La kuogopwa zaidi ni maji yaliyosimama.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia nuru kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Nuru ikikosekana mgao hukatika, lakini tumbawe lenye afya lina akiba mwilini. Ndiyo maana wafugaji wengine huzima taa kwa makusudi kwa siku 3 ili kudhoofisha mwani mharibifu, na kwa kawaida matumbawe hayadhuriki. Safari ikifika wiki 2, hali hubadilika. Matumbawe laini huenda yakastahimili. Yale magumu yenye matawi, yaliyozoea nuru kali, hupoteza rangi na mengine hufa. Kwa muda huo, iwekwe taa ya akiba inayojiwasha na kujizima kwa saa.

Sasa tutazame maji. Gizani mwani hautoi oksijeni, ilhali samaki na matumbawe wanaendelea kuivuta mchana na usiku. Hewa mpya huingia pampu inapotikisa uso wa maji. Pampu ikisimama, hasa katika chumba kilichofungwa wakati wa joto la kaskazi, samaki wanaweza kufa katika muda wa saa chache tu. Kwa hiyo anayezima taa asizime swichi kuu. Mwenye LUKU ahakikishe uniti zinatosha siku zote za safari na ziada, na aweke pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme unapokatika.

Joto la maji nalo lisalie kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, ilhali nuru ya jua ilikuwa tele.

Kisha atafutwe mtu mmoja mwaminifu, aoneshwe kazi kwa vitendo kabla ya siku ya safari, na aachiwe maelezo kwa maandishi. Maji hupungua kwa kuwa mvuke, lakini chumvi hubaki. Basi ajazie maji safi yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama. Chakula cha samaki kifungwe kipimo cha kila siku katika kikaratasi chake, kwani mgeni wa kazi hii hukosea kwa kuzidisha, na mabaki huoza na kuchafua maji.

Mkirudi, msiwashe taa kwa nguvu zote siku hiyo hiyo. Anzeni na nuru hafifu au saa chache, mkiongeza taratibu kwa muda wa wiki moja, maana nuru kali ya ghafla huunguza tumbawe lililozoea giza.

Ndugu wasomaji, samaki wa baharini maji yakimharibikia huhama. Aliye ndani ya kioo hana pa kuhamia, na humo tumemtia sisi. Hiyo ni amana. Familia isiyopata wa kumwachia, na ifupishe safari yake, au isubiri kununua hodhi mpaka itakapompata.